Cheni Moja, Pikipiki Mbili

Nilipofika Ufipa kufanya kazi ya bibi shamba nilikabidhiwa nyumba ya bati, gunia la mbegu za ngano na pikipiki. Pikipiki ndiyo iliyonipa heshima. Nilikuwa binti wa kutoka Mbeya, sijaolewa, navaa suruali ndani ya gauni kwa sababu ya upepo, na pale kijijini walikuwa hawajaona mwanamke akiendesha chombo kile. Wanaume wazima walikuwa wakisimama kando ya njia wanatazama magurudumu, si mimi, wakisubiri yafanye kosa.

Kijiji chenyewe kilikuwa cha ujamaa, kipya kabisa. Watu walikuwa wametolewa kwenye vitongoji vyao vya mabondeni wakapangwa kwa mistari iliyonyooka juu ya mgongo wa kilima, mahali ambapo hapakuwa na mti hata mmoja wa kuzuia baridi ya mwezi wa saba. Aliyechora ile mistari nadhani hakuwahi kulala pale. Maji yalibaki bondeni, mashamba yakabaki bondeni, sisi tukawa juu na bendera. Na kwa kuwa tarafa yetu ilikuwa na vijiji vingine vya namna hiyo, kila kimoja kwenye mgongo wake wa kilima, mtumishi asiye na chombo cha kutembelea alikuwa mtumishi wa kusalimia majirani tu.

Watumishi wenye pikipiki tulikuwa wawili. Mwenzangu alikuwa Bwana Afya, mtu wa Kirando huko ziwani, Mwislamu wa swala zote, umri sawa na baba yangu. Alivaa kaptula iliyopigwa pasi na soksi zilizopanda mpaka magotini, na kazi yake kubwa ilikuwa kuhakikisha kila nyumba ina choo. Mkewe alibaki Kirando na biashara yake ya dagaa, kwa sababu, alivyosema Bwana Afya mwenyewe, "huku juu hata samaki wangeomba blanketi." Pikipiki aliiendesha kama mtu aliyebeba maji kwenye sahani. Mimi niliendesha kama mtu anayekimbizwa. Tulikuwa tukikutana njiani, yeye anakwenda nilikotoka, tunapungiana mkono, na kila mmoja anamsikitikia mwenzake.

Siku moja nikiwa napanda kilima na magunia ya mbegu nyuma, cheni yangu ilikatika. Haikukatika kistaarabu. Ilipiga kelele, ikajikunja kwenye gurudumu, ikatoka vipande vipande, na kile kibanio kidogo cha kuungia, ambacho mafundi wanakiita loki, kiliruka kwenye majani nisikione tena. Nilisukuma pikipiki mpaka nyumbani nikiwa na vipande vya cheni mfukoni. Wale wanaume wa kando ya njia walinisaidia kusukuma. Walikuwa na furaha ambayo sijaisahau.

Sumbawanga mjini, kwenye stoo ya serikali, mtunza stoo alinijibu bila kuinua kichwa: "Cheni hakuna."

"Zitakuja lini?"

"Zikija utaona zimekuja."

Nikarudi kwa Katibu Tarafa, ambaye ofisi yake ilikuwa hapo hapo kijijini kwetu. Alikuwa mtu mnene, mchangamfu, mwenye imani kwamba hakuna shida duniani isiyoisha watu wakikaa kikao. Alinisikiliza, akamwita na Bwana Afya, akatutazama wote wawili kwa huruma.

"Ndugu zangu," alisema, "tuna pikipiki mbili na cheni moja. Siasa yetu inasemaje? Tunagawana. Siku za Bibi Shamba cheni ifungwe kwake. Siku za Bwana Afya ifungwe kwake."

Msomaji atauliza mbona hatukuiacha cheni mahali pake, kwenye pikipiki ya Bwana Afya, tukagawana pikipiki. Na mimi niliuliza. Katibu Tarafa aliniangalia kama mtu aliyesikia tusi la nguoni. Pikipiki ile ilikuwa mali ya idara ya afya. Yangu ilikuwa mali ya idara ya kilimo. Kulikuwa na waraka, sikuwahi kuuona lakini kila mtu aliutaja kwa sauti ya chini, uliokataza mtumishi wa idara moja kupanda chombo cha idara nyingine. Cheni haikutajwa kwenye waraka. Kwa hiyo cheni iliruhusiwa kutembea.

Shida ilikuwa moja. Pikipiki yangu ilikuwa ndefu kidogo kuliko ya Bwana Afya, na cheni yake haikuifikia. Ilibidi iongezwe pingili kutoka kwenye vile vipande vyangu. Ikirudi kwake, pingili zile zitolewe, la sivyo cheni inalegea na kuning'inia kama kamba ya kuanikia nguo. Na kwa kuwa loki ya cheni yake nayo ilishapotea zamani, kila kukata na kila kuunga kulitaka pini isukumwe nje, kisha irudishwe ndani.

Tulianza kwa nyundo na msumari. Mwenyekiti wa kijiji alikuwa na kipande cha reli uani kwake, hakuna ajuaye kilifikaje Ufipa ambako reli haijafika, na juu ya kipande kile tukawa tunailaza cheni na kuigonga. Mimi nashika, Bwana Afya anagonga. Alikuwa akigonga huku amegeuza uso pembeni.

"Angalia unapopiga, Mzee!"

"Nikiangalia naona vidole vyako, binti yangu, na mkono unakataa."

Tukabadilishana. Yeye akashika, mimi nikagonga, na pini ilitoka kweli ila bapa za pembeni zinazoshika pini zikapinda. Tukazinyoosha kwa nyundo. Zikapinda upande mwingine. Asubuhi nzima iliishia hapo, na jua lilipopanda tukawa na cheni iliyoungwa mahali ambapo hata mtoto angesema hapajakaa vizuri. Hapo ndipo ilipokatikia safari ya pili, Bwana Afya akiwa anakwenda kukagua vyoo vya kijiji cha mbali. Alirudi kwa miguu, soksi zimeshuka kwenye vifundo, hajawahi kuonekana hivyo. Alikwenda moja kwa moja ofisini kwa Katibu Tarafa akaiweka cheni juu ya meza.

Katibu Tarafa aliita kikao.

Waliohudhuria walikuwa yeye, Mwenyekiti wa kijiji, Mwalimu Mkuu wa shule ya msingi, mimi na Bwana Afya. Ajenda ilikuwa kuchagua kifaa bora cha kukatia na kuungia cheni ya pikipiki. Kati yetu watano hakuna aliyewahi kukiona kifaa hicho. Bwana Afya peke yake alikuwa amesikia kwamba kipo, kinabana cheni kwa parafujo na kusukuma pini taratibu bila kupiga nyundo. Hilo halikupunguza mjadala.

Mwalimu Mkuu ndiye aliyesimama kwanza. Alikuwa mtu mrefu wa hapo hapo Ufipa, Kiswahili chake kimenyooka kuliko mistari ya nyumba zetu, na alipenda sana kuanza na historia.

"Ndugu Katibu, mimi nina wasiwasi na hili neno kukata. Minyororo tulishaikata siku tulipopata uhuru. Hatua tuliyonayo sasa ni ya kuunga. Napendekeza tutafute kifaa cha kuunga tu."

Katibu Tarafa akatikisa kichwa kwa kuafiki. Mwenyekiti wa kijiji, ambaye alitaka kurudi kwenye ng'ombe wake, akaafiki pia.

"Lakini Mwalimu," nilisema, "huwezi kuunga kabla hujakata."

"Ndiyo fikra tunazotaka kuziondoa hizo," alijibu kwa upole.

Tulikwenda hivyo mpaka mchana. Mwishowe Bwana Afya, aliyekuwa ameipakata ile cheni muda wote, akasema kwamba kwa maoni yake kifaa kiitwe cha kuunga, na kama kikiwa na uwezo wa kukata, basi uwezo huo usitajwe. Kikao kikampigia makofi. Ikaundwa kamati ya uchaguzi wa kifaa, Mwalimu Mkuu akiwa mwenyekiti wake, mimi na Bwana Afya wajumbe. Tukatumwa Sumbawanga.

Tulikwenda juu ya lori la mahindi. Mwalimu Mkuu alikaa mbele na dereva kwa ajili ya cheo. Bwana Afya alikaa nyuma karibu yangu, cheni ameizungushia taulo kama mtoto mchanga, anaizuia isiguse vumbi. Upepo wa uwanda ule hauna huruma. Hakuna kitu cha kuukinga mpaka macho yaishe, ni majani tu na matuta ya kilimo na hapa na pale mnara wa udongo uliobomoka, matanuru ambamo wazee wa Kifipa walikuwa wakiyeyushia chuma zamani. Bwana Afya aliyatazama matanuru yale akapumua.

"Binti yangu, hawa walitengeneza chuma chao hapa hapa. Sisi tunasafiri siku nzima kutafuta kitu cha kusukuma pini."

Duka lililokuwa na vifaa vya pikipiki lilikuwa mtaa wa Majengo. Zamani lilikuwa la mtu, sasa lilikuwa la umma, na tofauti ilionekana kwenye rafu. Rafu zilikuwa safi, ndefu, na tupu. Ila kwenye kona ya mwisho, juu ya kitambaa cha kijani, vilikuwapo vikatio vya cheni vitatu. Mwalimu Mkuu alisimama mlangoni akavua kofia.

Cha kwanza kilikuwa kikubwa mno, chuma kizito chenye mikono miwili, cha mitambo ya shambani. Cha pili kilikuwa kidogo kama kifungua chupa, cha baiskeli. Cha tatu kilikuwa cha katikati, kimekaa vizuri mkononi, kina parafujo yenye mpini na kisindano cha chuma kigumu, na pembeni yake vijisindano viwili vya akiba.

"Hiki," alisema Mwalimu Mkuu, akikishika kile kikubwa kwa mikono yote miwili. "Hiki kina nguvu ya umma."

"Hakitaingia kwenye cheni yetu, Mwalimu," nilisema.

"Cheni zitakua."

Bwana Afya hakubishana. Alifungua taulo lake, akailaza cheni kaunta, akaomba ruhusa kwa meneja, akaanza kupima. Kile kikubwa kilimeza cheni nzima kama fisi, pini haikuguswa hata kidogo. Kile cha baiskeli kilibana vizuri, alipokizungusha mara chache kisindano chake kikapinda kama mshumaa karibu na jiko. Akakichukua cha katikati. Alikiweka, akazungusha taratibu, na sote tulisikia ule mlio mdogo, tik, pini ikatoka nusu. Akazungusha tena kidogo, akaachia kabla haijatoka yote, akafungua cheni, akaifunga, akageuza kifaa upande wa pili akairudisha pini mahali pake. Bapa hazikupinda. Cheni ilikunjika pale pale pa kiungo bila kukwama. Nakumbuka nilishika mdomo.

"Tunachukua hiki," alisema Bwana Afya.

"Hicho hakiuzwi," alisema meneja. Alikuwa kijana mwenye shati jeupe na kalamu tatu mfukoni. "Hicho ni sampuli. Kinaonyesha wateja kwamba vifaa vipo."

"Lakini vingine havipo."

"Ndiyo maana siwezi kukiuza. Nikikiuza, nitaonyesha nini?"

Mwalimu Mkuu aliona hoja ile ina uzito. Akarudi kukipapasa kile kikubwa. Mimi nilianza kubishana, sauti ikapanda, meneja naye akapandisha yake, akaanza kueleza ugumu wa usambazaji. Bwana Afya alikuwa anakunja taulo lake. Alipomaliza aliuliza kwa adabu sana:

"Samahani, ndugu meneja. Choo kiko upande gani?"

"Nyuma ya duka," alisema meneja, na baada ya kusema nikauona uso wake ukibadilika. "Unatoka idara gani, Mzee?"

"Afya."

Bwana Afya akapita mlango wa nyuma. Alikaa huko kidogo. Aliporudi alikuwa amekunja uso kama mtu aliyeona msiba, akasimama kaunta, akatoa kalamu yake, akaitazama ncha. Hakuwa na mamlaka yoyote pale mjini. Mipaka yake iliishia kwenye tarafa yetu, na hilo nililijua mimi na alilijua yeye. Meneja hakulijua.

"Kweli," alisema meneja akiwa ameshaanza kufuta vumbi kile cha katikati, "sampuli nayo inachakaa."

Tulipotoka nje nilishindwa kujizuia nikacheka mpaka nikaegemea ukuta. Bwana Afya hakucheka. "Sikusema neno, Bibi Shamba. Wewe shahidi. Nilikwenda haja." Kisha baada ya hatua chache akaongeza: "Lakini kile choo, Mungu atusamehe."

Tulipokelewa kijijini kwa ngoma. Mwalimu Mkuu alikiinua kifaa juu mbele ya watu akakieleza kwa kirefu, jinsi kamati ilivyochambua, jinsi ilivyokataa kile kikubwa kwa sababu za kitaalamu. Siku iliyofuata mimi na Bwana Afya tulihamisha cheni kwa muda ambao chai haijapoa. Nilikwenda vijiji vya kusini, nikarudi, na cheni haikulia hata mara moja. Nilidhani mambo yamekwisha.

Kumbe swali la nani akitunze kifaa lilikuwa bado. Kikitunzwa na kilimo, afya italalamika. Kikitunzwa na afya, kilimo kitanung'unika. Kikao kikaamua kitunzwe na elimu, ambayo haikuwa na pikipiki. Mwalimu Mkuu akakifungia kwenye kabati la shule pamoja na mipira na ramani ya dunia. Kukitoa kulitaka ruhusa yake na ya Katibu Tarafa, kwa pamoja, na wao wawili walikuwa hawaonekani kwa pamoja isipokuwa kwenye vikao. Siku ambayo Mwalimu Mkuu amekwenda semina Namanyere, cheni inalala ilipo. Siku ambayo Katibu Tarafa ameitwa mjini, hivyo hivyo. Kwa nyundo na msumari tulikuwa tukipoteza asubuhi. Kwa kifaa bora tukawa tunapoteza wiki.

Siku moja nilikuwa na mkutano wa akina mama kwenye kijiji cha pembeni kabisa, kule ambako uwanda unakatika na unaona Ziwa Rukwa likimeremeta chini. Cheni ilikuwa kwa Bwana Afya. Mwalimu Mkuu alikuwa semina. Nilisimama nje ya nyumba yangu na kitabu cha mafunzo mkononi, nimekata tamaa, Bwana Afya akapita, akasimama, akaacha mashine inaunguruma.

"Unakwenda wapi?"

Nikamwambia.

"Na mimi nakwenda huko huko." Akatazama kulia, akatazama kushoto. Akasogea mbele kwenye kiti. "Panda."

Nilipanda. Kwa mwendo wake, mabibi waliobeba kuni walitupita wakatusalimia. Tulipofika kwenye mteremko wa kwanza nilimwomba, kwa heshima zote, anipe mimi usukani. Alifikiri, akashuka, akafuta kiti, akakaa nyuma na mkoba wa kazi kifuani kati yetu kama ukuta. Nikatia moto. Njia nzima nilimsikia nyuma yangu akisoma dua.

"Mzee, umefumba macho?"

"Nimefumba. Wewe tu usifumbe, tufike."

Baada ya hapo tukawa tunakwenda pamoja kila mara. Ilikuwa rahisi mno, mpaka tuliona aibu. Watu walitupenda, kwa kuwa mikutano miwili ilikuwa mmoja na wao walirudi mashambani mapema. Ni kweli masomo yalichanganyika kidogo. Mzee mmoja alichimba shimo la mboji akaliezekea vizuri na kuliwekea mlango, na mwingine akamuuliza Bwana Afya mbele ya watu kama choo kigeuzwe kila baada ya majuma machache ili kisioze upande mmoja. Bwana Afya alijibu maswali yote kwa uso ule ule. Njiani ndipo alipocheka, mabega yanamtikisika nyuma yangu, nami nikapunguza mwendo asije akaanguka.

Maneno yalianza, bila shaka. Binti wa Mbeya na mzee wa Kirando kwenye kiti kimoja. Maneno yakapanda lori la dagaa lililokuwa likija sokoni Sumbawanga, yakashuka nalo mpaka Kirando.

Asubuhi moja nilisikia hodi. Nje alisimama mama mnene, mrefu, kanga mbili mwilini na koti la kiume juu yake kwa ajili ya baridi, kapu la dagaa miguuni.

"Shikamoo, Mama."

"Marahaba. Wewe ndiye Bibi Shamba?"

"Ndiye mimi."

"Unayembeba mume wangu?"

Nikasema ndiyo, ila kwa kazi, na katikati yetu kuna mkoba. Alinitazama kuanzia suruali yangu mpaka kilemba.

"Anakaaje huko nyuma?"

"Anafumba macho, Mama. Anasoma dua."

Kifua chake kizima kikaanza kutikisika. Alicheka mpaka akakaa kwenye kizingiti. "Hata kwenye mtumbwi wa baba yake mwenyewe alikuwa anafumba macho! Ndiyo maana alikimbilia kazi ya vyoo, hakuna mawimbi." Akafuta machozi kwa ncha ya kanga, akasukuma kapu kwangu. "Chukua, mwanangu. Mifupa inakutoka. Sasa nipeleke huko wanakotaka kumhukumu."

Maana kweli tulikuwa tumeitwa ofisini asubuhi ile. Katibu Tarafa alikuwa na uso mzito. Mwalimu Mkuu alikuwapo, na Mwenyekiti wa kijiji pia. Mke wa Bwana Afya aliingia bila kualikwa, akakaa kwenye benchi la ukutani, benchi likalia.

"Shauri lililo mbele yetu," alisema Katibu Tarafa, "ni zito."

"Naomba niseme kwanza," alisema yule mama akisimama. "Mimi ndiye mke. Nimemhoji binti, nimemwangalia mume wangu, nimeridhika. Hakuna jambo."

Katibu Tarafa alionekana kutoelewa. "Jambo gani, Mama?"

"Hilo mlilotuitia. La mume wangu na huyu binti."

"Aa, hapana, Mama, mambo ya nyumba sisi hatuingilii. Shauri ni la kiti. Mtumishi wa kilimo ameonekana mara nyingi akiwa amekalia kiti cha idara ya afya. Na cha mbele, Mama, si cha nyuma tu!"

Yule mama alituangalia mmoja mmoja, mimi, mumewe, Mwalimu Mkuu, mpaka akarudi kwa Katibu Tarafa.

"Nimepanda lori la dagaa kutoka Kirando," alisema polepole, "nimetapika Namanyere, nimelala juu ya magunia, nikidhani naibiwa mume. Kumbe kesi ni ya kiti?"

"Kiti cha serikali, Mama."

Bwana Afya aliinamisha kichwa. Nilidhani analia. Nilipoona soksi zake zinatikisika nikaelewa, ikabidi niume ulimi.

Uamuzi ulikuwa kwamba turudi kwenye utaratibu. Cheni ihamishwe kwa kifaa bora kilichochaguliwa na kamati, na kwa kuwa usimamizi ulikuwa umelegea, ufunguo wa kabati usikae tena shuleni, ukae kwa Katibu Tarafa mwenyewe. Katibu Tarafa alikaa mjini zaidi kuliko nyumbani. Baada ya hapo cheni haikuhama kabisa, ikabaki kwa Bwana Afya.

Mke wa Bwana Afya hakurudi Kirando moja kwa moja. Alipita Sumbawanga, akaingia ofisi za mkoa, na sijui aliwaambia nini wakubwa, ila najua sauti yake na naweza kukisia. Haukupita muda barua ya uhamisho ikaja. Bwana Afya alihamishiwa mwambao wa ziwa la kwao, kwenye vijiji ambavyo vinafikiwa kwa mtumbwi. Pikipiki ya idara ya afya ilibidi imfuate, na cheni yake ikiwa juu yake, kwa kuwa mali ya idara haiachwi nyuma.

"Kule pikipiki nitaipeleka wapi, binti yangu?" aliniambia tukiwa tunaifunga kwa kamba kwenye lori. "Kulia maji, kushoto mlima. Nimewaomba wakuachie cheni. Wamesema waraka."

"Na mtumbwi utaupanda?"

Alivuta soksi zake juu. "Nitafumba macho," alisema.

Alinipa mkono, akaushika muda mrefu kuliko kawaida yake, akasema nisiendeshe kama mwizi hata nikipata cheni. Nilisimama pale mpaka lori likazama nyuma ya kilima, nikaingia ndani, nikashindwa kupika.

Msimu mzima nilitembea kwa miguu kwenye vijiji vya karibu, vya mbali nikavikosa. Katika muda huo ulikuja ujumbe kutoka tarafa nyingine kujifunza jinsi tulivyochagua kifaa. Mwalimu Mkuu aliwapa somo la asubuhi nzima. Kifaa kilitolewa kabatini kwa mara ya kwanza tangu ile kesi, kikapitishwa mkono kwa mkono, kimepakwa mafuta, kinang'aa, na wageni waliandika sana. Mmoja wao, kijana mdogo, aliomba kuona kinavyofanya kazi. Mwalimu Mkuu alimjibu kwamba hilo ni la awamu ya pili.

Cheni mpya ilifika mvua zilipokuwa zinaisha. Mtunza stoo aliniita kwa jina la kazi yangu, akanisukumia boksi kaunta. Ilikuwa na loki yake ndani, mpya, kwenye karatasi yenye mafuta. Nilipofika kijijini niliifunga mwenyewe nje ya nyumba yangu kwa mikono na koleo niliyoazima, bila ruhusa ya mtu.

Kesho yake nilikwenda kile kijiji cha ukingoni. Akina mama walikusanyika, wakatazama nyuma yangu kwenye kiti, wakauliza Bwana Afya yuko wapi. Niliwaambia amehamishwa, amekwenda ziwani kwao, harudi. Walinong'onezana kwa Kifipa kidogo. Mama mmoja akasema alikuwa hajamaliza kumweleza habari za mfuniko wa choo, na sasa atamuuliza nani. Nikamwambia aniulize mimi. Nilikuwa nimesikia somo lile mara nyingi kiasi kwamba nililijua lote, pamoja na mahali pa kunyamaza ili watu wafikiri. Nikawaeleza habari za mfuniko, kisha tukashuka bondeni kuangalia maharage yao.